Kadi ya Video Inapoikatiza Prosesa Mara Elfu Kumi na Tano kwa Sekunde

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja. Kompyuta inanasa picha ya kamera bila shida, lakini imekuwa nzito, sauti inakatika na kipanya kinarukaruka. Ukichungulia unakuta programu ya kurekodi yenyewe haili hata robo ya prosesa. Kinacholiwa kinaliwa na makatizo. Katizo, au intarapti kama mafundi wengi wanavyoliita, ni kengele ambayo kifaa hupiga ili prosesa iache inachofanya na kukihudumia. Kengele hiyo ina faida, kwa sababu bila yake draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ingelazimika kwenda kuchungulia kifaa kila mara. Shida huanza inapolia kwa jambo ambalo hakuna mtu analihitaji.

SWALI: Habari za kazi. Nina kadi ya PCI yenye chipu ya Bt878, na nimeiandikia draiva yangu mwenyewe kwenye Linux kwa mradi wa kusoma namba za magari getini. Kamera ni ya PAL na picha inatoka safi, 768 kwa 576. Ila kamera moja tu inaleta makatizo zaidi ya elfu kumi na nne kwa sekunde, na nikiwasha ya pili mashine haishikiki. Je, kadi ni mbovu? (Mwandishi wa programu, Mwanza)

Kadi ni nzima, ndugu yetu. Lakini "zaidi ya elfu kumi na nne" haitutoshi. Tafuta namba kamili, maana kwenye PAL, mfumo wa picha za analogi wa kamera yako, namba yenyewe hutaja kosa lilipo. Fanya hivi:

`cat /proc/interrupts; sleep 10; cat /proc/interrupts`

Chukua mstari wenye jina la draiva yako, jumlisha safu za prosesa zote, toa hesabu ya kwanza kwenye ya pili, kisha gawanya kwa 10.

Sasa linganisha na mawimbi ya kamera. PAL ina mistari 625 kwa fremu na fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu huja kwa nusu mbili. Draiva iliyoandikwa vizuri hukatiza mara 25 au 50 kwa sekunde kwa kila kamera, na machache ya ziada inapozungumza na vipande vingine kupitia I2C, njia ndogo ya mawasiliano kati ya chipu.

Ukipata karibu 15,625, yaani 625 mara 25, umewasha katizo la kila mwanzo wa mstari. Hiyo ni biti ya 2, HSYNC, kwenye rejista ya ruhusa, kisanduku ndani ya chipu kinachoamua makatizo yapi yapite, iliyo anwani 0x104. Ukipata 14,400, yaani mistari 576 inayoonekana mara 25, kosa liko kwenye programu ya DMA (maagizo ya kupeleka picha kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa): kila mstari wa picha umewekewa alama ya kukatiza. Na ukipata karibu 18,000, umeweka alama hiyo kwenye kila agizo la kuandika. Namba hii ya tatu huwachanganya wengi. Mstari wa pikseli 768 kwa baiti 2 ni baiti 1,536, na ukurasa wa kumbukumbu ni baiti 4,096, kwa hiyo katika kila mistari 8 kuna 2 inayokatwa na mpaka wa ukurasa na kuhitaji maagizo mawili badala ya moja. Fremu inakuwa na maagizo 720 badala ya 576, na 720 mara 25 ni 18,000. (Hesabu hii inasimama ikiwa bafa, sehemu ya kumbukumbu inayopokea picha, imeanza mwanzoni mwa ukurasa.)

Kwa maelezo yako tunaelekea kuamini kwamba ni 14,400, yaani programu ya DMA. Chipu hii haipeleki picha kwenye kumbukumbu kwa akili yake. Inafuata maagizo ambayo draiva imeyaandika kwenye RAM: andika baiti hizi pale, subiri mwanzo wa nusu fremu, rukia anwani ile. Neno la kwanza la kila agizo lina biti 32, na biti ya 24 ikiwa 1, chipu hukatiza prosesa inapofika hapo. Anayeandika draiva kwa mara ya kwanza huiweka biti hiyo kila mstari ili ajue kazi imefika wapi, na hapo ndipo mambo huharibika.

Iondoe kwenye maagizo yote ya kuandika. Ibakize kwenye agizo moja tu, lile la kuruka linalofunga nusu fremu:

`cmd = BT848_RISC_JUMP | BT848_RISC_IRQ;`
`cmd |= (alama & 0x0f) << 16;`
`cmd |= (~alama & 0x0f) << 20;`

Hizo biti nne za alama ni msaada mkubwa ambao watu husahau kuutumia. Biti 16 hadi 19 huwasha alama, na 20 hadi 23 huizima. Katizo likifika utaziona alama hizo kwenye biti 28 hadi 31 za rejista ya hali, anwani 0x100. Ipe nusu ya juu alama moja, nusu ya chini alama nyingine, na data ya VBI (mistari isiyoonekana kati ya picha) alama yake. Katizo moja litakueleza lenyewe nini kimekamilika, bila wewe kwenda kuuliza rejista nyingine.

Tunalisisitiza jambo hilo kwa sababu kusoma rejista iliyo ng'ambo ya basi la PCI ni kazi ghali. Prosesa husimama na kungoja jibu, haifanyi kingine. Tuseme kuhudumia katizo moja kunachukua mikrosekunde 10. Kwa makatizo 50 hiyo ni nusu milisekunde katika sekunde nzima, hutaihisi. Kwa 15,625 ni milisekunde 156, karibu asilimia 16 ya kiini kimoja cha prosesa. Kamera nne zinakula zaidi ya asilimia 62, na bado hujagusa picha yenyewe. Kumbuka pia kwamba mstari mmoja wa PAL hudumu mikrosekunde 64. Huduma ikizidi muda huo, makatizo yanaanza kumezana na namba utakayosoma itakuwa ndogo kuliko ukweli. Kwa hiyo usifurahie ukiona idadi imeshuka wakati mashine imezidi kuelemewa.

Kama usomaji wa namba za magari unataka sehemu ya picha kabla nusu fremu haijaisha, igawe nusu fremu vipande vinne na uweke biti ya 24 mwisho wa kila kipande. Hayo ni makatizo 200 kwa sekunde, mzigo mwepesi kabisa.

Kisha pitia utaratibu wa ndani ya kihudumu chako cha katizo. Soma hali, ichuje kwa rejista ya ruhusa, na ukipata sifuri rudisha `IRQ_NONE`, yaani "si langu". Ukipata kitu, andika kwenye rejista ya hali thamani ileile uliyoisoma, halafu ndipo ushughulikie. Kwenye chipu hii kuandika 1 ndiko kunakofuta. Anayeandika `0xffffffff` "ili kusafisha vyote" hufuta pia tukio lililoingia kati ya kusoma na kuandika, na fremu hiyo inapotea bila kuacha dalili. Anayefuta baada ya kushughulikia hufuta tukio lililoingia wakati anashughulikia, na matokeo ni hayohayo. Kazi nzito, kama kunakili picha na kutafuta herufi, ipeleke kwenye uzi wa kawaida. Ndani ya katizo fanya mambo mawili tu: tia alama kwamba bafa imejaa, na umwamshe anayeisubiri.

SWALI: Shikamooni. Kadi yangu inatumia draiva ya bttv iliyokuja na Linux, sijaandika chochote. Kamera zikiwa sawa makatizo ni machache, lakini mvua ikinyesha au kamera moja ikizimwa yanaruka juu, na kwenye logi naona "IRQ lockup, cleared int mask". Baada ya hapo picha zinaganda mpaka niwashe mashine upya. (Fundi wa kamera za ulinzi, Mombasa)

Marahaba. Draiva haijakosea, imejilinda. Kila inapoitwa, bttv huzunguka kusoma na kufuta hali mpaka pasibaki kitu. Ikizunguka zaidi ya mara nne na bado kengele inalia, huona kwamba kadi imechachamaa na kuifungia makatizo yote, ndiyo maana picha zinaganda. Huhitaji kuwasha mashine upya: funga programu zinazotumia kadi, `modprobe -r bttv`, kisha `modprobe bttv`.

Sasa chanzo. Bttv huruhusu makatizo ya HLOCK, biti ya 4, inayoinuka kila chipu inapoushika au kuupoteza mdundo wa mistari. Huruhusu pia FMTCHG, biti ya 0, inayoinuka chipu inapodhani mawimbi yamehama kutoka mistari 625 kwenda 525 au kurudi. Kamera ikiwa nzima haya hutokea mara moja tu, inapowashwa. Mawimbi yakiwa dhaifu au yenye kelele, chipu hushika na kuachia bila kutulia, na kila badiliko ni kengele.

Thibitisha kwanza. Andika 1 kwenye `/sys/module/bttv/parameters/irq_debug`, subiri sekunde mbili au tatu, rudisha 0, kisha soma `dmesg`. Usiiache ikiwa imewashwa, maana kila katizo litaandika mstari kwenye logi na diski nayo itaelemewa. Ukiona HLOCK na FMTCHG zimejaa, anza na waya kabla ya kompyuta.

Pwani adui mkubwa ni chumvi. Fungua viungio vya BNC vya nje. Kijani kwenye shaba au weupe kwenye ganda maana yake kata, vua upya na ufunge kiungio kipya, kwa sababu kukwangua hakudumu. Pima hivi: chomoa waya pande zote mbili, weka mita kwenye omu kati ya msumari wa katikati na ganda. Isisome chochote. Ikisoma kilo-omu kadhaa, maji yameingia ndani ya waya. Kisha funga kizuizi cha omu 75 upande mmoja na upime upande wa pili: utegemee 75 na kidogo juu yake. Ikipungua sana chini ya 75, kuna mahali nyaya mbili za ndani zinagusana. Viungio vyote vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa umeme juu yake. Utepe wa umeme peke yake hulegea juani.

Mlango usio na kamera usiuache wazi kwenye programu ya kurekodi, uzime kwenye mipangilio. Waya mrefu usio na kitu mwishoni ni antena.

Kwa mwenye uwezo wa kugusa msimbo, tiba nzuri ni kuifunga HLOCK inapolia mara ya kwanza, kuweka kazi ya kucheleweshwa milisekunde 500, kisha kusoma DSTATUS (biti ya 7 husema kuna mawimbi, ya 6 husema mdundo umeshikwa), kufuta biti iliyolala kwenye rejista ya hali na kuifungua tena. Kwa njia hii haiwezi kulia zaidi ya mara mbili kwa sekunde hata kamera ikirukwa na akili. Kufunga na kufungua rejista ya ruhusa kulindwe kwa kufuli la spinlock, kwa sababu kihudumu cha katizo nacho huigusa.

Kama logi ingesema "clearing GPINT from int mask", tungekuambia jambo tofauti. GPINT hutoka kwenye pini za jumla za chipu, ambako kwenye kadi za televisheni hufungwa kipokezi cha rimoti. Kadi isiyo na rimoti inaweza kuwa na pini hiyo ikining'inia bila kitu, nayo huokota kelele yoyote. Draiva ikiifunga hiyo peke yake, picha zinaendelea na hupotezi chochote.

SWALI: Tuna seva ya kurekodi yenye kadi ya chipu nne. Kila baada ya siku mbili tatu picha zinakatakata, na dmesg inaonyesha "irq 16: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)", halafu "Disabling IRQ #16". Niliweka irqpoll kama ilivyoshauriwa, sasa mashine nzima ni nzito. Nimekosea wapi? (Fundi wa mitandao, Kigali)

Umefuata ushauri wa ujumbe wenyewe, si kosa lako. Ila irqpoll ni ya kuivusha mashine usiku mmoja, haitibu.

Waya wa katizo wa PCI hushirikiwa na vifaa kadhaa, na hubaki umevutwa mpaka kifaa kilichouvuta kihudumiwe. Katizo likija, keneli, moyo wa Linux, huita draiva zote za waya huo kwa zamu, na kila moja hujibu "langu" au "si langu". Keneli huhesabu kwa mafungu ya 100,000. Kama zaidi ya 99,900 katika fungu hilo hayakuwa na mwenyewe, huufunga waya wote, na kuanzia hapo hubaki kuuchungulia mara kumi tu kwa sekunde. Kamera inataka 25 au 50, inapata 10. Ndiyo maana picha zako zinakatakata badala ya kufa kabisa. Na irqpoll, kila katizo lisilo na mwenyewe linapokuja, na kila katizo la saa ya mashine, huzunguka kuziuliza draiva za waya nyingine pia, ndio uzito unaouona.

Kazi ni kumpata anayevuta waya. Iondoe irqpoll. Soma `cat /proc/irq/16/spurious`: `unhandled` ikiwa inapanda sasa hivi, tatizo ni la wakati wote na linashikika, ikiwa imetulia, ni la vipindi na itakubidi urudie kuisoma. Kisha, ukiwa root, endesha `lspci -vv` na uandike kila kifaa chenye "routed to IRQ 16". Kwenye mstari wake wa Status tazama mwishoni: `INTx+` maana yake kinavuta waya dakika hiyo. Kifaa chenye `INTx+` kisicho na "Kernel driver in use" ndicho mshukiwa wa kwanza. Chipu za zamani kama Bt878 hazina taarifa hiyo, kwa hiyo `INTx-` kwao si ushahidi wa kutokuwa na hatia.

Mshukiwa asiye na draiva mnyamazishe kwa `setpci -s 03:00.0 COMMAND=0400:0400`, ukiweka anwani yake badala ya hiyo yetu. Biti ya 10 humzuia kuvuta waya. Hesabu ya `unhandled` ikisimama, umempata: mzime kwenye BIOS au mwekee draiva yake. Usifanye hivyo kwa kifaa kinachotumika, kitakwama.

Asipopatikana, hamisha kadi. Nyaya nne za katizo huzungushwa kutoka tundu moja la PCI kwenda jingine, kwa hiyo tundu la pili linaweza kuipa kadi majirani wengine kabisa. Jirani wa PCI Express anayetumia MSI (kwenye lspci `MSI: Enable+`) hana shida, kwa kuwa havuti waya huo. Kila Bt878 pia ni vifaa viwili ndani ya kimoja, video `109e:036e` na sauti `109e:0878`, kwenye waya uleule. Kama hurekodi sauti kupitia kadi, andika `blacklist snd_bt87x` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` upunguze wanaoulizwa.

Kwa wanaoandika draiva zao, kosa hili huzaliwa sehemu tatu. Ya kwanza ni kuomba katizo kabla ya kunyamazisha kadi: andika 0 kwenye rejista ya ruhusa, futa hali yote ya zamani, ndipo uite `request_irq`, maana waya ukishirikiwa unaweza kuitwa papo hapo kabla hujamaliza kujiandaa. Ya pili ni uandishi kuchelewa njiani. Unachoandika kwenye PCI hakifiki mara moja. Ukifuta hali na kutoka haraka, waya bado umevutwa, unaitwa tena, unakuta hakuna kitu na unajibu "si langu". Soma rejista yoyote ya kadi baada ya kufuta, usomaji huo hulazimisha uandishi ufike. Ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kurudisha `IRQ_HANDLED`, yaani "langu", kila mara ili ujumbe uondoke. Ujumbe utaondoka kweli, lakini umeing'oa kengele ya moto. Siku kifaa jirani kikichachamaa, keneli haitajua na mashine itaganda bila kuandika neno.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nimeunganisha kamera ya OV7670 na STM32F407, 320 kwa 240, fremu 30, natumia maktaba ya HAL. Katizo la DCMI (sehemu ya STM32 inayopokea picha ya kamera) linaita zaidi ya mara 7,000 kwa sekunde ingawa natumia DMA. DMA si ndiyo ilitakiwa kuondoa makatizo? (Dodoma)

DMA imeondoa makatizo ya data, haikugusa ya mistari. Mistari 240 mara fremu 30 ni 7,200, na namba yako ndiyo hiyo. `HAL_DCMI_Init` yenyewe huwasha katizo la mstari. Baada ya kuiita, weka `__HAL_DCMI_DISABLE_IT(&hdcmi, DCMI_IT_LINE);` na kama hutumii la VSYNC (mdundo wa fremu), lizime vilevile. La kuzidiwa, `DCMI_IT_OVR`, liache, ndilo litakalokuambia DMA imechelewa.

Kuna mtego wa pili mbele yako. Fremu yako ni 320 × 240 × 2, yaani baiti 153,600. F407 ina KB 192, lakini 64 kati ya hizo ni CCM ambayo DMA haiifikii. Zinabaki 128, yaani baiti 131,072, na fremu nzima haiingii. Tumia hali ya bafa mbili ya DMA, `HAL_DMAEx_MultiBufferStart_IT`, kila bafa ikibeba mistari 20: baiti 12,800, ambazo ni maneno 3,200 ya biti 32. Ipe kila bafa kiitikio chake (`XferCpltCallback` na `XferM1CpltCallback`), halafu washa DCMI na biti ya CAPTURE kwa mkono. Fremu moja itakuwa na makatizo 12, sekunde nzima 360, na una karibu milisekunde 2.8 za kutoa kila kipande kabla hakijaandikwa juu. Ukikitoa kwenda kwenye skrini kwa SPI ya polepole, hapo ndipo utakapokwama, kwa hiyo pima muda huo kwanza.

SWALI: Tunarusha ibada mtandaoni kwa kinasa cha USB 2.0, na programu ya kusoma kifaa niliiandika kwa libusb. Makatizo ya kidhibiti cha USB yako 8,000 kwa sekunde. Kinasa kingine, kwa draiva ya kawaida ya Linux, kiko kwenye mia mbili na kitu. (Nairobi)

Kila uhamisho wako umeupa pakiti moja. USB 2.0 ya kasi hugawa sekunde katika vipande 8,000 vya mikrosekunde 125, na kidhibiti hukatiza uhamisho unapokamilika. Weka pakiti 32 kwa kila uhamisho na utapata 250, sawa na draiva ya uvcvideo inavyofanya. Draiva ya em28xx huweka 64, zikatoka 125. Gharama yake ni kuchelewa milisekunde 4 au 8, jambo ambalo hakuna muumini atakayeliona. Ila usipeleke uhamisho mmoja mkubwa peke yake. Weka angalau 5 kwenye foleni, kila mmoja ukikamilika uurudishe hapohapo, la sivyo kuna vipande vya muda ambavyo kifaa hakitapata pa kumwaga na picha itachanika kwa mistari ya kijani.

SWALI: Kuna anayesema nikiwasha irqbalance tatizo la makatizo linaisha. Ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Haliishi, linahamishwa. irqbalance hugawa makatizo ya vifaa mbalimbali kwa viini vya prosesa, lakini makatizo 15,000 yasiyo na sababu yanabaki 15,000. Itumie, au uandike mwenyewe `/proc/irq/16/smp_affinity`, baada ya hesabu kushuka kwenye namba inayoeleweka. Hapo kumpa kiini cha pili kadi ya video (thamani `2`) na kukiacha cha kwanza kwa kadi ya mtandao kuna maana. Ukiandika kwa mkono, zima irqbalance kwanza, maana itakugeuzia ulichoweka. Kisha pima tena kwa sekunde 10 kama tulivyoeleza juu, kamera zote zikiwa zimewashwa, na upime mara ya pili baada ya kuchomoa moja.